Shamba Linalopakana na Mikoko: Tope Liache Lilivyo

Sisi wenye vishamba huku Junda, Mombasa, vinavyoteremka hadi hori ya Tudor, tuna tamaa moja. Ukiona pale chini panatitia, unataka umwage kifusi, uchimbe mtaro, upate matuta mawili matatu zaidi ya mchicha. Ushauri wangu: paache.

Sababu inaanzia juu, penye samadi, yuria na vyoo vya shimo. Nitrojeni yake hugeuka nitrati, aina ya chumvi inayoyeyuka majini, na nitrati haishikwi na udongo. Masika yakianza, mvua huisukuma hadi kwenye maji ya chini. Mwamba wetu wa matumbawe umejaa nyufa, basi haichelewi. Kwa maji ya kisima kilicho jirani na choo, kuchemsha hakusaidii: vijidudu hufa, nitrati hubaki, tena hukolea maji yanapopungua sufuriani. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na wa kwanza kudhurika ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo.

Maji hayo huendelea kuteremka kuelekea hori. Yakifika pasipo na oksijeni, bakteria huipumua nitrati badala ya hewa. Huivunja hatua kwa hatua, na kabla ya hatua ya mwisho hutokea oksidi ya nitrasi, ile gesi ya kucheka ya madaktari wa meno. Angani haichekeshi: kwa hesabu ya miaka 100, kilo moja yake huipasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kilo ya hewa ukaa.

Gesi hii huyeyuka vizuri majini, ikasafiri nayo chini kwa chini. Maji yakipenya polepole kwenye tope jeusi lenye majani yaliyooza, bakteria wana chakula tele na nitrati kidogo, kwa hiyo huivunja hata gesi yenyewe ikawa nitrojeni ya kawaida, ileile tunayovuta kila siku. Mtaro huyafanya maji yalikwepe tope. Maji hutokeza moja kwa moja kwenye mkondo na gesi ikaponyoka hapohapo. Tope likianza kukauka, hewa huingia na kazi huachwa nusu. Na ukililisha nitrati kupita kiasi, bakteria hawahangaiki na gesi, kwa hiyo usifanye mikoko jaa la mbolea.

Mimi huweka samadi kidogo kidogo mchicha ukishaota, si gunia zima wingu likiwa limefunga. Mpaka wa chini nimewaachia ndago na matete. Jirani yangu husema nafuga mbu. Hajakosea sana, ila makopo na matairi ya uani kwake yanafuga zaidi. Mikoko siigusi, na sheria nayo imesema: ni msitu wa serikali tangu 1932.

Kama mtaro umeshachimbwa, uzibe kwa viroba vya udongo. Ngoja maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo. Ukiziba siku za bamvua, bahari inapojaa sana, viroba vitaondoka na maji.