Uzi wa nailoni unakatika? Angalia mkasi kwanza

Dada uliyeuliza kwa nini kikapu chako cha kroshia, cha uzi wa kukata mifuko ya nailoni, kinajikunja kama bakuli na uzi unakatikakatika, pole, yalinikuta hayohayo karibu mwaka mzima nikataka kuacha. Mimi nafuma vitambaa vya makochi tangu niko sekondari, nikadhani nailoni ni uzi kama uzi mwingine, kumbe wapi.

Anza na nailoni yenyewe. Zamani kabla rambo (mifuko ya plastiki ya dukani) hazijapigwa marufuku huku bara (Juni 2019) nilikuwa naokota yoyote, saivi nategemea nailoni za godoro jipya, mifuko ya mikate na zile nguo zinakuja nazo dukani, ndugu yangu anauza Kariakoo ananiwekea. Ila za nguo chagua. Ile ngumu inayong'aa na kupiga kelele kama ya kaukau achana nayo, ukiitia ncha ya mkasi tu inapasuka mpaka mwisho. Chukua laini, ambayo ukiivuta kwa dole gumba inanyumbuka kwanza. Na ile mifuko iliyoandikwa inaoza yenyewe, jamani inaoza kweli! Nilimuuzia mteja pochi, baada ya miezi kadhaa akaniletea unga unga, ndo alioukuta kabatini, nikamrudishia hela yake naangalia chini.

Osha, anika kivulini (jua linaila nailoni), afu ndo ukate, na hapa ndo kazi yote ilipo, kufuma ni starehe tu. Tandaza mfuko, toa mikono na mshono wa chini, ukunje kwa upana mara mbili, kata vipande vya upana wa vidole viwili, vya godoro kidole kimoja kinatosha maana ni nene. Ukikunjua unapata pete. Pete unaziunga kwa kupitisha moja ndani ya nyingine na kuirudisha ndani yake yenyewe, vuta POLEPOLE, ukivuta kwa hasira fundo linakata uzi hapohapo. Mkasi butu unaacha pembe zenye vijino, na kila kijino ndo pa kukatikia baadaye, mimi niliponunua mkasi wa fundi cherehani nusu ya matatizo yaliisha.

Sindano ya kroshia tumia nene, milimita 6 mpaka 8. Ile nyembamba ya vitambaa itakuua mkono, nailoni inang'ang'ania chuma hasa kwenye joto letu hili mikono ikitoka jasho. Naipaka sabuni ya kipande, inateleza vizuri. Na usikaze! Sie tuliozoea uzi wa pamba tunakaza bila kujua.

Sasa kujikunja. Kitako cha duara anza na vishono 6, mzunguko unaofuata 12, halafu 18, 24, yaani unaongeza 6 kila mzunguko, ukisahau kuongeza kinanyanyuka kuwa bakuli, ukizidisha kinakuwa na mawimbi kama gauni la harusi. Weka alama, funga kipande cha rangi nyingine pale mzunguko unapoanza, usiamini kichwa. Kitako kikitosha ndo unaacha kuongeza, kuta zinapanda zenyewe.

Kama inalipa? Mkoba wa sokoni unanichukua jioni nne tano na kukata humohumo, nauza elfu 15, ukipiga hesabu ya masaa utalia. Vinavyotoka haraka ni vipochi vya simu na vya chenji. Hata akina mama wa kijiji cha Njau kule Gambia, wale wa Isatou Ceesay walioanza 1997 kufuma mifuko ya plastiki iliyotupwa, vipochi vidogo ndo vimewatangaza. Vya kuwekea sufuria ya moto usifume, mteja wangu mmoja meza yake nzima iliganda nailoni.

Mikoba mikubwa naifuma ya oda tu, na mkanda sifumi tena. Wa kwanza niliufuma mzuri kweli, nikaenda nao sokoni nikatia viazi kilo tatu na nazi mbili, nafika kituo cha daladala mkoba unagonga magoti, konda akaniuliza mama hiyo ni mkoba au nyavu. Saivi mkanda nashona wa kitenge mara mbili, nauzungushia mpaka chini ya kitako, nailoni inabaki kubeba sura tu.