Pikapu kuukuu inakula mafuta? Anza na magurudumu, kabureta baadaye

Mwenye pikapu kuukuu akifika gereji na kulalamika kwamba gari linakula mafuta, mara nyingi fundi hukimbilia kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), au nozeli (zinazonyunyizia mafuta kwenye injini) kama gari ni la nozeli. Nimekaa na pikapu za umri huo miaka mingi, za petroli na za dizeli, na ushauri wangu ni kinyume chake: mfumo wa mafuta uwe wa mwisho kuguswa. Anza chini, kwenye magurudumu, kisha panda taratibu mpaka ufike kwenye injini. Mafuta hupotea kwa njia mbili. Ama injini inayachoma vibaya, ama inayachoma vizuri tu lakini gari lenyewe ni zito kulisukuma. Hii ya pili unaweza kuigundua mwenyewe kwa mikono bila kununua chochote, na kwenye magari yaliyozeeka hutokea zaidi ya watu wanavyodhani.

Kabla ya yote, pima. "Siku hizi inakunywa sana" si kipimo. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita zinazosomeka, endesha kama kawaida yako, halafu jaza tena mpaka pampu ijikate. Kilomita ulizokwenda zigawe kwa lita zilizoingia mara ya pili. Rudia kwa tenki kadhaa, maana tenki moja hudanganya: pampu hii hukata mapema, ile huchelewa, na gari likisimama pamenama kidogo hesabu hubadilika. Na kama umefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, kumbuka kwamba dashibodi inakupunja kilomita. Tairi zenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 7 zitakuonyesha kilomita 400 wakati umekwenda 428. Kwa lita 50, hiyo ni tofauti kati ya kilomita 8 kwa lita na zaidi kidogo ya 8.5. Wapo wanaohangaika na ugonjwa ambao nusu yake uko kwenye hesabu.

Sasa magurudumu. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, fika kilomita 40 kwa saa, weka nyutro injini ikiendelea kuunguruma, uache gari litembee lenyewe mpaka lisimame. Usikanyage breki. Gari zima huenda mbali na kupunguza mwendo polepole. Lenye breki zinazoshika hukatika mwendo mapema, na utalihisi hata mwilini. Likisimama, shuka usogeze kiganja karibu na kila rimu, kisha uguse ukiona joto si la kuunguza. Linganisha kushoto na kulia, si mbele na nyuma, kwa sababu breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi na kwa kawaida huwa na joto zaidi. Mimi niliwahi kukuta rimu ya nyuma kulia haishikiki, ya kushoto vuguvugu tu. Waya wa hendibreki ulikuwa umeota kutu ndani ya ganda lake, ukivutwa unakwenda lakini haurudi wote. Gari halikuwa likivuta upande, wala halikuwa na kelele. Lilikuwa linasukumwa kila siku huku gurudumu moja limeshikwa.

Mbele, chunguza pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Zikikauka grisi na kuota kutu, pedi haziachii diski. Chunguza pia mipira ya breki: mpira wa zamani huvimba kwa ndani ukaziba njia, mafuta ya breki yakapita unapokanyaga na yasirudi unapoachia. Kwa nje mpira huo unaweza kuonekana mzima kabisa. Piga jeki, zungusha gurudumu kwa mkono. Diski kukwaruza kidogo ni kawaida. Gurudumu kukataa kuzunguka si kawaida.

Hapo hapo pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu rudisha. Kama ukienda ni laini na ukirudi panakwaruza, au kinyume chake, tairi zinaburuzwa kwa pembeni na alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, imeharibika. Kuhusu upepo, fuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, na uangalie kama kinatofautisha gari tupu na gari lenye mzigo. Kwa makadirio ya serikali ya Marekani, kila psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) inayopungua kwenye tairi zote hupunguza ufanisi kwa takriban asilimia 0.2. Peke yake ni kidogo. Lakini pikapu iliyopungukiwa psi 10 kila tairi inapoteza asilimia 2, na tairi zenyewe zinakwisha upesi. Tairi za matope zenye meno makubwa nazo hula mafuta kila kilomita ya lami, kwa hiyo kama huendi matopeni, sioni sababu ya kuzivaa.

Mwenye 4x4 yenye habu za kufunga na kufungua, zile zinazounganisha magurudumu ya mbele na shafti, ahakikishe zimefunguliwa anapokuwa barabarani. Zikibaki zimefungwa, unazungusha shafti na difu ya mbele bure.

Mzigo usio na kazi utoe: minyororo, tairi mbili za akiba, keria tupu ya juu ambayo inapiga upepo kutwa. Lakini mlango wa nyuma wa bodi usiushushe kwa imani kwamba upepo utapita vizuri. Ukiwa umefungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi na kutulia, na upepo wa juu huteleza juu ya hewa hiyo. Ukiushusha unavuruga mpangilio huo.

Ukishamaliza chini, panda kwenye injini, na nakuomba uanze na themostati, valvu inayozuia maji ya kupozea yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kifaa hiki kidogo kinadharauliwa kupita kiasi. Wapo wanaoitoa kabisa wakiamini wanaikinga injini isichemke. Matokeo yake injini haifiki joto lake la kazi, au huchukua safari nzima kufika. Injini baridi inahitaji mafuta mengi: gari la kompyuta, ambalo kompyuta ndiyo hupima mafuta, huendelea kumimina kana kwamba ndiyo kwanza limewashwa, choki ya kujiendesha (inayobana hewa ya kabureta injini ikiwa baridi) huchelewa kufunguka, na oili hubaki nzito. Themostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 90 za Selsiasi. Kuipima hakuhitaji chombo. Asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe, kisha shika mpira mkubwa wa juu wa rejeta, ukiweka mkono mbali na feni na mikanda. Kwa dakika kadhaa mpira huo ubaki wa baridi, halafu ghafla uwe wa moto. Ukiona unapata joto kidogo kidogo tangu mwanzo, themostati imebaki wazi au haipo. Dalili nyingine ni geji ya joto kushuka unapokimbia barabara kuu na kupanda unaposimama.

Kama themostati ni nzima na gari ni la kompyuta, kagua sensa ya joto la maji inayoipa kompyuta habari. Mara nyingi si ile inayoendesha geji, kwa hiyo geji inaweza kusema kweli huku kompyuta ikidanganywa.

Kisha fungua plagi baada ya mwendo wa kawaida na uzipange kwa mfuatano wa silinda. Ncha ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi ni mafuta yaliyozidi. Weusi wenye ulowevu wa oili ni injini inayokula oili. Moja ikiwa tofauti na wenzake, tatizo ni la silinda hiyo, si la gari zima, na hapo umeshaokoa kazi kubwa ya kubahatisha.

Kwenye distribyuta za zamani, zinazogawa cheche kwa plagi, kuna kopo dogo la bati lenye dayaframu (utando mwembamba) ndani, linalovutwa na mnyonyo wa hewa wa manifodi, yaani njia ya hewa kuingia injini, ili kuwahisha cheche unapoendesha kwa utulivu. Dayaframu ikipasuka, gari linawaka na kwenda bila kasoro ya kuonekana, ila mafuta yanakwenda. Chomeka mpira safi kwenye kopo na unyonye: hewa ikipita bila kizuizi, limekufa. Mafundi wengi wa siku hizi hawalikagui kabisa.

Gari lenye kompyuta na taa ya injini inayowaka lipelekwe likasomwe, usiizoee taa hiyo. Takwimu za serikali ya Marekani zinasema marekebisho ya kawaida ya injini iliyovurugika huboresha ulaji kwa wastani wa asilimia 4, lakini kurekebisha hitilafu kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa kunaweza kuleta hadi asilimia 40. Chujio la hewa badilisha likichafuka; kwenye kabureta utaona faida ya mafuta, kwenye injini ya kompyuta utaona zaidi nguvu. Dizeli ikitoa moshi mweusi, kagua chujio la hewa na mipira ya turbo kwanza, ndipo upeleke nozeli zikapimwe.

Mwendo nao una sehemu yake. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, ukinzani wa hewa unakaribia kuongezeka maradufu, na pikapu imesimama wima mbele ya upepo. Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vidonge vya kutia tenkini achana navyo. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imechunguza vifaa zaidi ya 100 vya aina hiyo bila kupata hata kimoja chenye kuleta nafuu ya maana.

Baada ya kila tengenezo, endesha tenki moja kabla ya kugusa kingine, la sivyo hutajua kipi kimekusaidia. Ukifika mwisho na ulaji bado ni mbaya, ndipo kabureta ifunguliwe: boya, sindano yake, jeti, choki. Lakini kabla ya kuilipia, mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, na injini ni ya petroli, mwaga oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kikibaki palepale, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi. Kwa injini ya namna hiyo kabureta haina la kufanya.