Kusoma vinasaba vya nimonia ya watoto: ya kujua kabla hujafungua floseli

MinION, mashine ndogo inayosoma DNA kupitia matundu madogo mno ya kibao chake kiitwacho floseli, haichagui. Ukiipa DNA ya mtoto itasoma ya mtoto, ukiipa uchafu wa vitendanishi (kemikali za maabara) itasoma uchafu. Wewe unayeanza, elekeza macho kwenye sampuli kuliko kwenye kompyuta.

Mtoto mdogo hatemi makohozi, huyameza. Swabu ya puani ni rahisi kuchukua, ila Streptococcus pneumoniae, bakteria mkuu wa nimonia, hukaa puani mwa watoto wengi wasio na hata kikohozi, hivyo kumkuta pale hakuthibitishi kwamba ndiye aliye mapafuni. Makohozi yaliyochochewa kwa mvuke wa maji ya chumvi yanaweza kutoa ushahidi zaidi, na kwa mtoto aliyewekewa mrija wa kupumulia, vuta majimaji humo. Fomu ioneshe saa ya kuchukua na dawa alizokwishapewa.

Sampuli ikitoka Sikonge au Kaliua kuja Tabora mjini, isafiri kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, na isigande. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tunaondoa DNA ya binadamu kwa saponini, kemikali ambayo hupasua seli za mtoto, kisha kimeng'enya hula DNA iliyomwagika. Bakteria lazima wafike hatua hiyo wakiwa hawajapasuka, la sivyo DNA yao italiwa pamoja na ile ya mtoto. Kuganda huwapasua. Kwa hiyo vipande vya barafu viache nje kwanza mpaka ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo uvipange kwenye kisanduku. Usiilaze sampuli benchini pia, maana S. pneumoniae hujipasua mwenyewe akicheleweshwa. Na usishawishike kuiruka hatua ya saponini ili kuokoa muda: sehemu kubwa mno ya utakachosoma itakuwa DNA ya mtoto.

Floseli mpya ikipimwa ioneshe matundu hai yasiyopungua 800. Pungufu ya hapo, mjulishe msambazaji mapema. Kabla ya kumimina, ingiza pipeti kwenye tundu la kuandalia uvute mikrolita 20 hadi 30 tu, kwa kuzungusha kirekebishi polepole, ili kutoa hewa. Povu moja likipita juu ya utando wenye matundu hayo, matundu liliyoyagusa hayarudi. Mimina humo mikrolita 800 za bafa (kimiminika cha kuandalia floseli), ukibakiza tone kwenye ncha, subiri dakika 5. Fungua kifuniko cha katikati, ongeza mikrolita 200 za bafa kwenye tundu lilelile la kuandalia, kisha DNA iliyoandaliwa, mikrolita 75, tone kwa tone kwenye tundu la katikati. DNA hiyo ichanganye muda mfupi tu kabla ya kuimimina, kwa sababu shanga ndogo zilizomo hutuama haraka.

Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) iwe tayari. Hifadhidata ya bakteria ipakuliwe kabla, usitegemee mtandao wa siku hiyo.

Kila mzunguko uwe na sampuli ya maji matupu, iliyopita hatua zote kama nyingine. Ralstonia na Bradyrhizobium wakijitokeza, mara nyingi wametoka kwenye vitendanishi. Ukitumia jeni ya 16S, iliyomo kwa bakteria wote, peke yake, S. mitis wa mdomoni atafanana na S. pneumoniae, thibitisha kwa jeni ya lytA. Jeni ya usugu nayo inaweza kuwa ya bakteria wa mdomoni, basi usiiandikie mdudu usiyemhakikisha.

Mpigie daktari simu jibu linapotoka. Dawa na oksijeni zilikwishaanza bila kukusubiri, lakini kubadilisha dawa kunakutegemea wewe.