Katuni Bila Tarehe ni Mchoro Tu: Majibu kwa Wanaohifadhi Vibonzo vya Magazeti

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka kwa watu wanaokata katuni za tahariri magazetini na kuziweka, mwaka baada ya mwaka. Ni kazi ya maana sana. Habari ya ukurasa wa kwanza hukwambia kilichotokea. Katuni ya siku ileile hukwambia watu walikipokeaje, walicheka nini na walikasirishwa na nini. Tumechagua maswali yanayojirudia.

Nina bahasha ya katuni nilizokata tangu 2018. Zimegeuka njano na zinakatika kwenye mikunjo. Zitaokoka? (Morogoro)

Zitaokoka, ila usihangaike kuzirudishia weupe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, yaani kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hubadilika rangi na kuzalisha asidi, na asidi hiyo ndiyo inayokatakata nyuzi za karatasi. Joto na unyevu huharakisha mambo, kwa hiyo bahasha iliyokaa juu ya kabati chini ya bati huzeeka upesi kuliko iliyokaa rafu ya kati, chumba chenye kivuli.

Kunjua kila kipande taratibu ukiwa na mikono mikavu, kilaze katikati ya karatasi mbili nyeupe, weka kitabu kizito juu yake siku mbili tatu. Usipige pasi. Ng'oa pini na stepo zote, maana hupata kutu na kutoboa. Selotepu usiiguse kabisa: gundi yake hupenya karatasini, plastiki hubanduka baadaye, na doa la kahawia hubaki milele juu ya uso wa waziri uliyetaka kumkumbuka. Gundi ya maji nayo hukunja karatasi inapokauka.

Halafu piga fotokopi. Tumia karatasi nyeupe ya kawaida ya ofisini, gramu 80, kwenye mashine ya tona. Karatasi nyingi za ofisini siku hizi hazina asidi, na tona ni unga unaoyeyushwa ukashika juu ya karatasi, haichuji ikilowa. Wino wa printa ndogo za nyumbani huchuja. Nakala hiyo ndiyo itakayoishi muda mrefu. Kipande cha gazeti kiweke kama asili yake, kikiwa kimelala ndani ya boksi, mbali na picha zako za familia kwa sababu asidi huhamia kwenye karatasi jirani. Boksi lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta wa nje. Maji na mchwa huanzia huko.

Nikipiga picha kwa simu, maandishi ya upande wa pili wa gazeti yanaonekana kama kivuli. Nifanyeje? (Mombasa)

Weka karatasi nyeusi chini ya kipande. Gazeti ni jepesi. Ukililaza juu ya meza nyeupe, mwanga hupenya, hugonga weupe wa chini na kurudi juu ukiwa umebeba maandishi ya nyuma. Nyeusi huumeza mwanga huo. Hata kava jeusi la daftari linatosha.

Piga karibu na dirisha lakini kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba na meza, na uhakikishe pembe zote nne za katuni zimeingia. Ukiwa na skana, mchoro wa wino mweusi unahitaji nukta 600 kwa inchi, katika hali ya rangi za kijivu. Ile hali ya nyeusi na nyeupe tupu huua mistari myembamba ya kivuli, na wachoraji wengi huonyesha hasira au unene wa mtu kwa mistari hiyohiyo. Katuni ya rangi huleta mawimbi ya ajabu, kwa sababu nukta za uchapaji zinagongana na nukta za skana; washa kipengele cha kuondoa nukta za uchapaji, skana nyingi zinacho.

Hifadhi kwa TIFF au PNG, aina za faili zisizopunguza ubora wa picha. JPEG huchafua kingo za mistari. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama faili, usitume kama picha. Jina la faili lianze na mwaka, kwa mfano *2024-06-27_gazeti_uk08_mchoraji*, na kompyuta itajipangia yenyewe kwa miaka na miezi.

Nina katuni ya zamani ya wanaume wawili wenye mipira ya chuma miguuni. Mwanangu aliniuliza maana yake nikababaika. Niandike nini kando ya kila katuni? (Nakuru)

Hili ndilo swali tulilolisubiri, kwani hapa ndipo hazina nyingi hufia. Mchoro unabaki mzima, maana inapotea.

Katuni yako, yaelekea, inatoka katika mikono ya Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kuchora katika gazeti la Kenya la *Daily Nation* mwaka 1992. Aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiburuta mipira ya chuma ya wafungwa kwa sababu waliingia madarakani mwaka 2013 wakiwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC. Mashtaka dhidi ya Uhuru yaliondolewa Desemba 2014. Kesi ya Ruto ilisitishwa Aprili 2016. Mpira uleule wa chuma, basi, una uzito mmoja katika katuni ya 2013 na uzito mwingine katika katuni ya mwanzoni mwa 2015, wakati mmoja wao ameshafunguliwa.

Chukua mfano wa karibu zaidi. Tuseme umekata katuni ya mtu aliyekwea mkuyu. Msomaji wa leo anajua huyo ni Ruto na jina la Zakayo alilobandikwa, kutokana na yule mtoza ushuru mfupi wa Luka 19 aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu. Mwaka 2023 mti huo ulihusu Sheria ya Fedha iliyopandisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Juni 2024 vijana waliimba "Zakayo shuka" barabarani, Muswada wa Fedha wa mwaka huo ukaondolewa tarehe 26. Mkuyu ni uleule, ila mwaka wa kwanza mtu yuko juu anatazama, na mwaka wa pili watu wako chini wanatikisa shina. Mtoto atakayeiona mwaka 2045 ataona mtu na mti tu.

Basi andika, kwa penseli laini ya 2B na nyuma ya nakala, usiandike kwenye gazeti lenyewe (kalamu ya wino hupenya):

tarehe ya gazeti, jina la gazeti na ukurasa. Jina la mchoraji kama linavyosomeka kwenye sahihi. Kila mtu aliyechorwa, kutoka kushoto kwenda kulia. Kichwa cha habari ya siku hiyo au ya siku iliyotangulia, neno kwa neno. Na alama zote: mti, mpira, kofia, mnyama, gari. Mwisho, andika msemo wa mtaani uliobeba mzaha. Huo ndio unaosahaulika kwanza, na hutaukuta katika hotuba yoyote ya bunge.

Andika ndani ya wiki ileile. Baada ya miezi mitatu utakuwa unakisia.

Kwani tarehe ina umuhimu kiasi hicho? Mwaka si unatosha? (Dodoma)

Hautoshi. Kenya ilipiga kura tarehe 8 Agosti 2017. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, na kura ikarudiwa 26 Oktoba. Katuni yenye jengo la mahakama iliyotoka 31 Agosti ni ya watu wanaosubiri. Iliyotoka 2 Septemba ni ya watu walioshika mdomo. Ukiandika "2017" peke yake umezichanganya.

Kumbuka pia kwamba katuni huchorwa jana yake. Mchoraji huchukua wazo kwenye kikao cha asubuhi cha chumba cha habari, mhariri huona mchoro wa penseli mchana, na wino hukamilika kabla ukurasa haujafungwa jioni. Jambo lililotokea saa tatu usiku haliwezi kuwemo. Ukikuta katuni inayoonekana kama haijui habari kubwa ya siku yake, sababu huwa ni hiyo, wala usimlaumu mchoraji.

Yule panya mdogo pembeni mwa katuni ana kazi gani? (Dar es Salaam)

Huyo ni Kipanya wa mchoraji Masoud Kipanya. Husema kile ambacho watu wakubwa ndani ya katuni hawakisemi. Unapokata, kata hadi ukingo, na acha nafasi ya sentimita moja kila upande. Tumeona katuni nyingi zilizokatwa kwa mkasi wa haraka zikabaki na mawaziri bila panya, na hapo mzaha wote umekwenda na pipa la taka.

Tangu lini magazeti yetu yana katuni, na za zamani nitazipata wapi? (Tanga)

Zamani kidogo. Chakubanga, mhusika wa mchoraji Christian Gregory, alikuwa katika gazeti la *Uhuru* la Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na Wakenya walikua na mhusika Juha Kalulu wa Edward Gitau. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la *Joe* jijini Nairobi. Vibonzo vya hawa wahusika wa kudumu havikuonyesha viongozi kila siku, lakini usiwadharau katika kumbukumbu ya mwaka: ukitaka kujua foleni ya sukari au bei ya unga iliwagusaje watu, watazame wao.

Magazeti yaliyojalidiwa yapo Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, katika kitengo cha East Africana (machapisho ya Afrika Mashariki) cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika maktaba ya McMillan, Nairobi. Nenda na tarehe mkononi. Ukiomba "katuni za miaka ya themanini" utaletewa majalada mazito utakayofungua siku nzima. Ukiomba wiki moja, baada ya saa moja umemaliza.

Klabu yetu ya shule inataka kutoa kijitabu cha katuni bora za mwaka. Tuchague vipi? (Arusha)

Gazeti la kila siku lenye katuni moja hukupa zaidi ya 300 kwa mwaka. Kosa kubwa ni kuchagua zote kwa mpigo mwezi Desemba. Kumbukumbu hupendelea yaliyo karibu, na mtajikuta na katuni kumi za Novemba na moja ya Februari. Ketini kila mwisho wa mwezi, chagueni mbili, mzifunge. Mwisho wa mwaka mna 24.

Wekeni katuni ukurasa wa kulia na maelezo ya mistari mitano au sita ukurasa wa kushoto. Hizo ni kurasa 48 za A5, yaani karatasi 12 za A4 zilizokunjwa katikati, mbali na jalada. Stepla ya mkono mrefu hufunga unene huo vizuri. Mkizidisha hadi karatasi 25 itagoma, na kurasa za katikati zitachomoza nje.

Chagueni kwa swali hili: je, katuni hii inasema jambo ambalo habari yenyewe haikusema? Mfano, Novemba 2018 serikali ya Tanzania iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulihusisha jeshi. Mchoro wa askari na gunia, peke yake, unarudia habari. Mchoro unaoonyesha uso wa mkulima akitazama mzani unaongeza kitu. Na msiache za huzuni. Siku ya msiba wa taifa mchoraji huweka mzaha pembeni, na kijitabu kinachochekesha kuanzia Januari hadi Desemba kitakuwa kimeudanganya mwaka.

Kuhusu ruhusa: hakimiliki hudumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake, Tanzania kwa sheria ya 1999 na Kenya kwa sheria ya 2001. Kukata na kuhifadhi nyumbani ni jambo moja, kuchapisha na kuuza ni lingine. Haki inaweza kuwa ya gazeti au ya mchoraji, kutegemea mkataba wao, kwa hiyo waandikieni wote wawili. Tajeni idadi ya nakala, bei kama ipo, na katuni mnazozitaka kwa tarehe. Barua yenye tarehe hujibiwa. Barua ya "tunaomba katuni zenu" huwekwa kando.

Katuni ninazopata mtandaoni nizihifadhi pia? (Kisumu)

Hifadhi, lakini kwanza hakikisha haijachezewa. Watu hufuta maneno ya kwenye kiputo, yaani kile kiduara chenye maneno ya mhusika, na kuandika yao. Vuta picha karibu: maneno ya asili mara nyingi yameandikwa kwa mkono wa mchoraji, kwa unene uleule wa wino, ya kughushi huwa ya herufi za kompyuta, na weupe wa kiputo hung'aa kuliko weupe mwingine. Angalia kama sahihi imekatwa. Kisha itafute kwenye ukurasa wa mchoraji mwenyewe au toleo la gazeti la siku hiyo, uchukue nakala ya huko. Usipoipata, iweke katika folda ya peke yake, na uandike siku uliyoipokea na nani alikutumia.