Shipman hakujificha: jibu la nesi anayehesabu ampuli za mofini Uingereza

Ndugu mleta mada, umeuliza mawili. Kwanza, imewezekanaje daktari mmoja aue watu zaidi ya 200 katika nchi yenye hospitali, polisi na makaratasi mengi kama Uingereza, na watu wasishtuke? Pili, je, ni kweli chanzo ni kifo cha mama yake? Wengi waliotangulia wamejibu la pili. Mimi nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa sababu hilo ndilo ninaloishi nalo kila zamu.

Ni nesi, na nimefanya kazi miaka kadhaa katika nyumba ya kulelea wazee kaskazini mwa Uingereza, mwendo wa basi tu kutoka Hyde, mji mdogo pembeni ya Manchester ambako Harold Shipman alikuwa daktari wa familia. Nilipofika sikujua hata jina lake. Nilimjua kupitia daftari.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza ya zamu za usiku. Mzee mmoja wa saratani alikuwa amefariki alfajiri na ampuli zake za mofini, vile vichupa vya sindano ya maumivu makali, zilibaki. Dawa za aina hiyo hukaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli yake, na kila ampuli inaandikwa kwenye daftari lenye jalada gumu: iliyoingia, iliyotumika, iliyobaki. Wanasaini watu wawili. Mimi nilikuwa nimechoka, macho yananiwasha, basi linakaribia. Nesi mwenzangu, mama wa kizungu wa makamo, akazihesabu kwa sauti hadi saba, akanisogezea daftari. Nikachukua kalamu nisaini. Akauweka mkono wake juu ya ukurasa. "Hukuhesabu," akaniambia. "Umenitazama mimi nikihesabu." Nikamjibu kwamba namwamini. Akasema hapo ndipo tatizo lilipo, akanirudishia boksi. Nikazihesabu moja moja. Zilikuwa saba.

Baadaye, tukiwa tunakunywa chai, akanieleza kwamba amekulia Hyde na Shipman alikuwa daktari wa mama yake. "Mama alimpenda sana," akasema. "Alikuwa anakuja nyumbani hata usipomwita." Sentensi hiyo ya mwisho ilinikaa kichwani wiki nzima. Nikaanza kusoma.

Sasa nieleze kwa mpangilio niliouelewa.

Shipman alizaliwa Nottingham mwezi Januari 1946, mtoto wa dereva wa lori. Mama yake alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1963, yeye akiwa na miaka 17, na daktari alikuwa akija nyumbani kumchoma sindano za mofini za kutuliza maumivu. Akasomea udaktari Leeds, akahitimu 1970. Mwaka 1974 akaingia kwenye kliniki ya madaktari wa familia Todmorden, na huko ndiko alikokamatwa mara ya kwanza: alikuwa anaghushi maagizo ya dawa ili ajipatie pethidini, dawa kali ya maumivu ya jamii ya mofini, akijidunga mwenyewe. Alifukuzwa kazi pale, akapelekwa kutibiwa uraibu, na mwaka 1976 akatozwa faini ya pauni 600. Baraza Kuu la Madaktari halikumfutia usajili. Mwaka 1977 alikuwa tayari ameajiriwa Hyde.

Naomba msiruke hapo. Mtu alikwishakamatwa na dawa hasa ambazo zilihitaji kufungiwa kabatini. Baada ya kesi akasema hatabeba tena dawa za namna hiyo, basi hakutakiwa kuwa na daftari lake. Hakuna daftari, hakuna wa kukagua. Kumbe aliendelea kuzipata kwa njia rahisi kabisa: anamwandikia daimofini, ambayo ndiyo heroini ya hospitalini, mgonjwa anayekufa kwa saratani, anaandika nyingi kuliko zinazohitajika, mara nyingine anaichukua mwenyewe duka la dawa, na mgonjwa akifariki anaondoka na iliyobaki. Familia iliyofiwa inamwona daktari anabeba dawa, inamshukuru kwa kuwapunguzia kazi. Nani angemuuliza?

Ndiyo maana leo ninaposimama mbele ya ampuli za marehemu hatuondoki nazo hivi hivi. Tunazivunja na kuzimimina kwenye kopo maalumu lenye unga, tunaongeza maji, tunatikisa, dawa inaganda kama uji uliolala, haifai tena kwa mtu yeyote. Wawili tunatazama, wawili tunasaini. Mwanzoni niliona kama hatuaminiki. Sasa hata siku moja sioni hivyo.

Turudi Hyde. Mwaka 1992 aliwaacha madaktari wenzake na akafungua kliniki yake peke yake mtaa wa Market Street, akiwa na wagonjwa kama 3,000. Watu walikuwa wanapanga foleni kuingia kwenye orodha yake. Alisikiliza, alikuja nyumbani, alikumbuka majina ya wajukuu. Aliua namna ile ile aliyotibu: anakwenda nyumbani kwa bibi anayeishi peke yake, mara nyingi mchana, anamdunga daimofini, anaondoka au anabaki kupiga simu kwamba amemkuta tayari amekufa. Kisha yeye mwenyewe anaandika cheti cha sababu ya kifo: moyo, kiharusi, uzee. Kisha anawaambia watoto hakuna haja ya kupasua maiti. Kisha anakwenda kwenye kompyuta ya kliniki na kumwandikia marehemu ugonjwa ambao hakuwahi kuwa nao, kwa tarehe ya nyuma.

Hapa ndipo jibu la swali lako lilipo, ndugu. Tangu mtu anaugua hadi anazikwa, kalamu ilikuwa moja. Yeye ndiye tiba, yeye ndiye shahidi, yeye ndiye kumbukumbu. Kwa waliochomwa maiti sheria ilitaka daktari wa pili asaini fomu, na fomu hizo zilisainiwa na madaktari wa kliniki ya jirani, ng'ambo ya barabara. Lakini daktari wa pili alikuwa anategemea maelezo ya daktari wa kwanza, na hakulazimika kuzungumza na familia. Ni sawasawa na mimi kusaini baada ya kumtazama mwenzangu akihesabu.

Sikubaliani na mchangiaji aliyesema hakuna aliyeshtuka. Watu walishtuka, tena watu wa kawaida. Dereva wa teksi anaitwa John Shaw alikuwa na wateja wengi wakongwe, akina mama aliowapeleka sokoni na hospitali, akawa anaona wanakufa mmoja mmoja na wote daktari wao ni yule yule. Akaanza kuwaandika majina. Wenye kampuni ya mazishi, familia ya Massey, nao waliona kitu ambacho daktari wa mezani hawezi kukiona: marehemu wa Shipman walikutwa wamekaa kwenye kiti, wamevaa nguo zao vizuri, kama wamepitiwa na usingizi. Watu wanaokufa kwa maradhi hawafi hivyo wote. Mimi nimeosha na kufunika wengi, najua. Wengi huwa kitandani, wamekonda, au wameanguka wakijaribu kufika chooni. Mzee Massey alimwendea Shipman mwenyewe akamuuliza, naye akamjibu kwa utulivu kwamba hakuna tatizo.

Binti wa Massey alipoongea na Dk. Linda Reynolds wa kliniki ya jirani, daktari huyo akapiga hesabu. Wao walikuwa na wagonjwa zaidi ya mara tatu ya wale wa Shipman, lakini vifo vya kwake vilikuwa vingi kuliko vya kwao. Mwezi Machi 1998 akapeleka wasiwasi wake kwa mchunguzi wa vifo wa eneo hilo. Polisi walipewa kazi, wakapekua vyeti na rekodi chache, na mwezi Aprili wakafunga jalada. Hawakuangalia hata kama daktari ana hatia ya zamani. Ingekuwa dakika chache tu, na pethidini ya Todmorden ingetokea palepale. Baada ya jalada kufungwa aliua wanawake watatu zaidi. Kila nikifika hapa nasikia uchungu.

Wa mwisho alikuwa Kathleen Grundy, bibi wa miaka 81 aliyewahi kuwa mke wa meya wa Hyde, mwenye nguvu zake, anayejitolea kwenye kikundi cha kuwahudumia wazee wenzake. Tarehe 24 Juni 1998 hakutokea kwenye chakula cha mchana cha kikundi. Wenzake walikwenda kwake wakamkuta amelala kwenye kochi, amevaa. Shipman alikuwa amepita asubuhi kwa kisingizio cha kumtoa damu kwa ajili ya utafiti wa uzee. Cheti kikaandikwa: uzee.

Ukatokea wasia uliopigwa chapa vibaya, unamwachia daktari mali ya zaidi ya pauni 380,000. Binti wa marehemu, Angela Woodruff, alikuwa wakili na ndiye aliyeshughulikia mambo ya mama yake siku zote. Alipouona tu alijua mama hakuandika kitu kile. Akaenda polisi. Kaburi likafukuliwa tarehe 1 Agosti, daimofini ikakutwa mwilini. Taipureta iliyoandika wasia ikapatikana kwa Shipman, naye akadai bibi alikuwa anaiazima. Shaw alipopata habari ya kaburi akawapigia polisi na majina 21. Na ile kompyuta aliyoitumia kughushi maradhi ilikuwa inahifadhi siku na saa halisi ambayo kila neno liliandikwa. Hakulijua hilo.

Alikamatwa Septemba 1998. Tarehe 31 Januari 2000 mahakama ya Preston ilimtia hatiani kwa mauaji ya wanawake 15 na kughushi wasia, kifungo cha maisha. Tume iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ndiyo iliyopitia vifo vingine, kimoja baada ya kingine, na mwaka 2002 ikathibitisha watu 215 aliowaua, wanawake 171 na wanaume 44. Baadaye ilikadiria kwamba jumla inafika kama 250. Kuna aliyeandika hapo juu kwamba serikali ilimnyonga. Hapana, Uingereza ilikuwa imeshafuta adhabu hiyo. Alijinyonga gerezani Wakefield Januari 2004, siku moja kabla hajatimiza miaka 58.

Kuhusu mama yake: wanasaikolojia wengi wamepita njia hiyo, na mfanano wa sindano ya mofini unavutia. Lakini Shipman hakukiri hata kifo kimoja, hakueleza chochote hadi anakufa, na tume yenyewe haikutoa sababu ya uhakika. Urithi nao haueleweki, maana ni kwa Bi. Grundy tu alipojaribu kuchukua mali yote. Maelfu ya watoto wamewaona mama zao wakifa kwa saratani na wakawa madaktari wazuri. Kila tunapoishia kwa mama yake tunaacha kuuliza daftari lilikuwa wapi.

Naandika haya kwa sababu nimetoka familia ya namna hiyo hiyo. Babu yangu alipofariki Tanga, daktari alisema "presha", tukasema ahsante daktari, tukazika kabla ya magharibi. Sina shaka yoyote juu ya daktari yule. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba anaruhusiwa kuuliza, na wazee wa Hyde walikuwa hivyo hivyo kabisa. Mwenzangu yule wa daftari aliniambia mama yake hadi mwisho hakupenda kuambiwa kwamba alikuwa akimfungulia mlango muuaji. Alifariki kwa maradhi yake miaka mingi baadaye, lakini jirani zake wawili majina yao yamo kwenye ripoti.

Mabadiliko yamechukua muda mrefu mno. Tangu Septemba 2024, kila kifo Uingereza na Wales ambacho hakiendi kwa mchunguzi wa vifo lazima kipitiwe na daktari mkaguzi ambaye hakumtibu marehemu, na ofisi yake inaipigia familia simu. Mwaka jana nilikuwa nimekaa na binti wa mzee aliyefariki kwetu simu hiyo ilipoingia. Akaulizwa kama ana wasiwasi wowote juu ya kifo cha baba yake. Alinyamaza, akanitazama, nikamwambia sema. Akasema ameona alama nyeusi kwenye mkono wa kulia na hajui imetoka wapi. Nilikuwa najua: alitolewa damu siku mbili kabla, mishipa yake ilikuwa dhaifu. Lakini sikujibu mimi. Mkaguzi akaomba rekodi, akaiona tarehe, saa na jina la aliyetoa damu, akampigia tena binti yule akamweleza. Alama ile ilichukua kama saa moja hivi ya kazi yetu. Binti akasaini karatasi zake, akaniomba chai.