Vita ya Congo: fuata majina ya vijiji, achana na idadi ya maiti

Kabla hujazuia mzigo wa mchele kwa sababu umesikia mji wa Goma, mashariki mwa Congo, umetekwa, fungua ramani. Malori ya Mbeya yanayovukia Tunduma hukatiza Zambia, yakaingia Congo kwa Kasumbalesa kuelekea Lubumbashi. Kutoka Lubumbashi hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,000.

Tukija kwenye mapigano yenyewe, kila jeshi hujisifu. Ila hata taarifa ya uongo hutaja mahali, na hapo ndipo inapoumbuka. Jeshi likitangaza Jumatatu kwamba limemtimua adui kilomita 60 kutoka mjini, halafu Alhamisi limemtimua tena kilomita 25, anayetimuliwa unamjua. Andika kwenye daftari tarehe, mahali na nani kasema. Mji uhesabu umekwenda pale aliyeupoteza anapokiri, au anapoacha kabisa kuutaja.

Barabara na viwanja vya ndege vina uzito kuliko vilima kumi. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Minova tarehe 21, bandari ndogo ya Ziwa Kivu iliyokuwa ikilisha Goma, kisha wakafika Sake, kama kilomita 25 tu kutoka Goma. Tarehe 27 wakatangaza kuiteka Goma. Februari ikawa hivyo hivyo: uwanja wa ndege wa Kavumu, unaohudumia mji wa Bukavu, tarehe 14, Bukavu siku mbili baadaye.

Idadi ya waliokufa haikuambii nani anashinda. Baada ya Goma, Umoja wa Mataifa ulitaja maiti 900, siku chache baadaye 2,900. Hawakudanganya, hesabu ya pili ilijumlisha na waliokwisha kuzikwa.

Video za WhatsApp, zima sauti kwanza, maana sauti hubandikwa. Tazama mabango, namba za magari, mvua au vumbi. Kisichokuonyesha mahali wala siku, kifute (na usikitume kwenye grupu la ukoo).

Kuteka nako si kushika. Novemba 2012 M23 hao hao waliichukua Goma, wakaondoka baada ya siku kama kumi na moja kwa shinikizo la majirani. Kwa hiyo ukimpigia dereva au mteja aliye huko, usimwulize "hali ikoje?", atakujibu ya redioni. Mwulize ushuru jana kamlipa nani, na benki imefunguliwa?