Kumfundisha mteja kukubali sio kumwambia avumilie kipigo: jibu kwa ofisa ustawi anayetumia DBT

SWALI: Dada shikamoo. Mi ni ofisa ustawi wa jamii ngazi ya kata, niko peke yangu huku. Nina mteja binti wa miaka 21, anajikata mkononi kila akigombana nyumbani. Anaishi na mama yake na baba wa kambo ambaye anamtukana na wakati mwingine anampiga. Nilihudhuria semina ya siku mbili ya DBT (Dialectical Behavior Therapy, tiba ya kisaikolojia kwa watu wanaojiumiza) tukapewa na vyeti, mkufunzi akasema tuanze na kukubali hali pamoja na mazoezi ya kupumua. Nimeenda naye hivyo wiki kadhaa, juzi akanigeukia akasema "kwa hiyo nikubali kupigwa?" akaondoka. Sasa usiku ananitumia picha za mkono wake. Je nirudie lile somo la kukubali kwa njia nyingine? Na kwenye ripoti naweza kuandika kwamba natoa DBT?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, usilirudie. Binti ameuliza swali sahihi kabisa na inabidi umrudie umwambie hivyo hivyo, kwamba aliuliza swali sahihi na wewe hukuwa na jibu.

Maswali ya namna hii nayapata kila mara, mikoa tofauti lakini shina ni lile lile. Mtu kaenda semina, karudi na nusu ya tiba, tena ile nusu ambayo jamii yetu ilikuwa inawaambia wanawake tangu zamani bila kuhitaji mtaalamu yeyote. Kubali, pumua, tulia, ndoa ndivyo zilivyo, baba ni baba. Halafu inaitwa tiba ya kisasa kutoka Marekani. Hili ndio linaniumiza kuliko yote kwenye kazi hii kwa sababu linageuza kitu kilichotengenezwa kuokoa watu kikawa kamba nyingine ya kuwafungia pale pale wanapoumizwa.

Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, hakuanza na kukubali. Alianza na wanawake waliokuwa wanajiumiza na kutaka kufa mara kwa mara, akawapa tiba ya kubadili tabia moja kwa moja, wakaona wanalaumiwa, kwamba tatizo ni wao, wengine wakakasirika wakaacha. Akageukia upande wa pili, kukubali na kusikiliza tu, nako wakakasirika kwa sababu mateso yao hayakuwa yanaguswa. Ndipo akaweka vyote viwili pamoja ndani ya kikao kimoja, na utafiti wake wa kwanza mkubwa ukatoka mwaka 1991, mwongozo wa tiba yenyewe ukafuata 1993. Mwaka 2011 akasema hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa akiwa na miaka 17, akijikata na kujichoma. Kwa hiyo hasira ya binti yako inajulikana kwenye hii tiba tangu siku ya kwanza, ndiyo iliyoizaa. Mkufunzi aliyekupa upande mmoja bila mwingine amekurudisha kwenye jaribio ambalo mwenye tiba mwenyewe aliliona halifanyi kazi.

Sasa kukubali kwenyewe ni nini hasa. Ni kuacha kubishana na ukweli wa kilichotokea, ili akili ipate nafasi ya kuamua kinachofuata. Kwa huyu binti ni hivi: huyu mzee anapiga, amepiga tena, na hataacha eti kwa sababu mimi nimekuwa mpole au nimepika mapema. Basi. Akishaliona hilo bila kujidanganya ndio anaanza kuuliza nitalala wapi, nani wa kumpigia, hela ya mwezi mmoja naitoa wapi. Yani kukubali kukifanyika vizuri mara nyingi kunamtoa mtu nyumbani, hakumbakizi. Kama mteja wako anatoka kwenye kikao akiwa amejiandaa zaidi kuvumilia kipigo basi hukumfundisha DBT, ulimfundisha kitu kingine.

Na kuna kipande kingine ambacho semina za haraka zinakiruka kila siku. Kwenye sehemu ya DBT inayofundisha kusimamia hisia, kabla hujamgusa mtu hisia yake unatakiwa kwanza kukagua ukweli: je hii hofu inaendana na hali ilivyo? Kama mtu anaogopa kupanda daladala kwa sababu miaka mitano iliyopita alipata ajali, hofu imezidi hali halisi, hapo unamsaidia apande kidogo kidogo, afanye kinyume na hofu inavyomtuma. Lakini binti anayeogopa kusikia geti likifunguliwa saa tatu usiku kwa sababu anayeingia atampiga, hofu yake iko sahihi, inamlinda. Hapo huitulizi, hapo unatatua tatizo. Mazoezi ya kupumua kwenye hofu ya namna hiyo ni kumzimia mtu kengele ya moto nyumba ikiwa inawaka.

Kwa hiyo mpangilio wako ugeuke. DBT ina utaratibu wa nini kinaanza: kwanza chochote kinachotishia uhai ikiwemo kujikata, pili vitu vinavyovuruga tiba yenyewe (yeye kuondoka katikati ya kikao kunaingia hapa, na wewe kuleta somo lisilomhusu kunaingia hapa hapa, sio makosa ya mteja peke yake), tatu ndio mambo mengine ya maisha. Muulize wazi kama anataka kufa au anajikata ili maumivu ya ndani yapungue, maana ni vitu viwili tofauti ingawa vyote unavichukulia kwa uzito na kimoja kinaweza kuhamia kwenye kingine. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kama anataka kufa na ana njia mkononi, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo na wewe ukiwa naye, na nyumbani dawa za shamba, za panya na vidonge vinahamishwa vyote kwa mtu mwingine wa kuaminika, sio kufichwa chini ya kitanda. Kingine, angalia unachoandika kwenye faili. Kanuni ya Adhabu kwetu Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kama kosa, kwa hiyo mtu aliyejikata bila nia ya kufa ukamwandikia kwa uzembe "alijaribu kujiua" umemwongezea mzigo asiokuwa nao. Andika alichofanya na alichosema, kwa maneno yake.

Baada ya hapo kaa naye mchambue tukio moja tu la kujikata, moja, sio historia ya maisha. Mnalifuata pingili kwa pingili, kwa mfano hivi. Siku ile ulilala saa ngapi? Sikulala, walikuwa wanagombana. Ulikula? Chai asubuhi tu. Kitu gani kilianzisha? Mama alisema "na wewe umezidi, unamchokoza". Sawa, hapo ulihisi nini mwilini? Kifua kilibana, masikio yanawaka. Ukawaza nini? Kwamba hakuna hata mmoja anayeniona. Ukafanya nini, uliingia chumbani, ukafunga mlango, simu iko wapi, wembe uko wapi, dakika ngapi zikapita. Na baada ya kujikata nini kilitokea? Nikatulia. Mama akaja akanikumbatia.

Umeona? Kwenye mfano huu kilichowasha sio ngumi ya baba wa kambo, ni sentensi ya mama, na kinachofanya kujikata kuendelee ni kwamba kunaleta utulivu na kunamleta mama chumbani. Wala sisemi anafanya maigizo, nakuomba sana hilo neno la "anatafuta attensheni" usilikaribishe ofisini kwako kabisa. Nasema kila pingili ni mahali pa kuingilia, na huwezi kuzijua kwa kukisia. Labda kwa binti yako mnyororo uko tofauti kabisa. Uliza.

Ukishazijua ndio unachagua ujuzi wa kuweka mahali gani. Pale kifua kinapobana kuna kitu cha mwili kinachosaidia haraka: barafu ya mfuko ile ya kununua dukani, aifunge kwenye kitambaa chembamba, aiweke chini ya macho na mashavuni, ainame, azuie pumzi kwa kama nusu dakika. Mapigo ya moyo yanashuka na mwili unatulia kwa muda mfupi. Asifanye mwenye ugonjwa wa moyo, muulize kwanza. Hii inampa dakika chache za kupita pale pa hatari, basi, haitatui kitu kingine chochote na usimwambie inatatua. Kwenye pingili ya mama mnafanya mazoezi ya maneno, wewe unakuwa mama, yeye anasema anachotaka kwa ufupi na kwa uwazi, mnarudia mpaka sauti isitetemeke.

Picha za usiku. Usizijibu kwa kubembeleza hadi alfajiri na usimnyamazie pia. Kwenye DBT mteja anapiga simu KABLA ya kujikata, ili umsaidie kutumia ujuzi, dakika kumi zinatosha. Akishajikata, ukihakikisha yuko salama na kidonda hakihitaji hospitali, mazungumzo marefu yanangoja, kawaida saa 24, ili kujikata kusiwe ndio tiketi ya kukupata. Mweleze mchana mkiwa mmetulia, sio usiku kwa meseji, asije akaona umemfungia mlango. Na useme ukweli wa mipaka yako, kama saa sita usiku unalala sema unalala, na mpatane usiku ule anampigia nani mwingine.

Sasa baba wa kambo. Hapa maofisa ustawi tunakosea pande zote mbili. Kawaida DBT inataka umfundishe mteja ajisemee mwenyewe badala ya wewe kukimbia kumfanyia kila kitu, na sisi kazi yetu imetuzoesha kukimbia. Lakini hiyo kanuni ina mlango wake: pale mteja hana nguvu mbele ya anayemuumiza, au uhai uko hatarini, unaingilia kati mwenyewe. Anapigwa na mtu anayemlisha, huo mlango uko wazi. Ongea naye kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), ndugu wa kumpokea, na muende pamoja kama yuko tayari. Ni mtu mzima, uamuzi ni wake, ila asiamue akiwa hajui ana nafasi gani. Usimwite baba wa kambo ofisini kwa "kusuluhisha" halafu ukamrudisha binti nyumba ile ile jioni ile ile.

Nigeukie hizi semina maana siwezi kunyamaza. DBT kamili ina vitu vinne: vikao vya mtu mmoja mmoja kila wiki, kundi la kufundisha ujuzi, simu kati ya vikao, na timu ya watoa tiba wanaokutana kila wiki kusaidiana wao kwa wao. Lile kundi la ujuzi peke yake linachukua wiki 24 hivi kumaliza mzunguko, na kwenye mpango wa kawaida linarudiwa likafika mwaka. Sasa nani anakupa hiyo kwa siku mbili na cheti chenye muhuri wa dhahabu? Wapo wanaouza kozi za wikiendi kwenye magrupu ya WhatsApp, wapo wanaojiita wataalamu wa DBT ambao ukiwauliza uchambuzi wa tukio unafanywaje wanakuletea picha ya machweo na maneno ya kukubali. Wapo wanaowasainisha wateja karatasi ya "sitajiua" wakaona kazi imekwisha. Hiyo saini inamlinda aliyeitunza karatasi, mteja haimlindi. Na wanaoumia sio wale wenye nafuu ya kubadilisha mshauri wiki ijayo, ni mabinti wa kata kama yako ambao ofisa ustawi ndio mlango wa kwanza na wa mwisho, akitoka pale amekasirika harudi. Ukiitwa kwenye semina nyingine uliza kabla ya kulipa: mkufunzi amefundishwa na nani, kwa muda gani, anasimamiwa na nani mpaka leo, na baada ya siku hizo mbili nani atasikiliza kesi zetu. Akikujibu kwa kuonyesha vyeti, weka hela yako mfukoni.

Wewe kuwa peke yako ni tatizo la kweli na halitatuliwi na kozi. Tafuta muuguzi wa kituo cha afya na mwenzako wa kata jirani, saa moja kwa wiki hata kwa simu, mjadili wewe ulifanya nini na ulikwama wapi, bila jina la mteja. Na hospitali ya mkoa ulizia kama kuna kliniki ya afya ya akili wampokee wewe ukiwa nyuma yake.

Kwenye ripoti usiandike unatoa DBT. Andika "nimetumia ujuzi kutoka DBT: uchambuzi wa tukio, kustahimili dhiki, mazoezi ya mawasiliano", na tarehe ya kila kimoja, na chini yake hatua za usalama zilizochukuliwa nyumbani. Atakayepokea hilo faili baada yako atajua mteja amepata nini na bado hajapata nini.

Mpigie binti kesho mchana, usisubiri aje.